Vidole Vitano Langoni

Majirani zangu wa Nalufenya walijua kwamba sikuwahi kukipenda chama cha serikali iliyopinduliwa. Walijua kwa sababu niliwaambia mimi mwenyewe, kila siku, tangu vita viishe.

Juzi mjukuu wangu Wafula alikuja kutoka Mbale kwa likizo. Vijana wa mtaa walimpokea langoni, na kila mmoja, Wafula naye, akainua kiganja wazi, vidole vitano juu. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kile chama! Na mwenyekiti wa mtaa alikuwa anapita pale na askari wawili.

Nilikimbia, nikamshika Wafula mkono na kumkunja vidole kwa nguvu.

"Jaja, unaniumiza!"

"Funga mkono! Unataka tufungwe?"

Mwenyekiti akasimama. "Kuna nini, mzee?"

Woga ulinifungua mdomo. "Bwana mwenyekiti, mtoto hakuyatoa kwangu hayo! Mimi niliacha zamani kuinua mkono. Hata lile shati la chama nililikata, nikashona suruali ya ndani!"

Vijana walitazamana. Wafula akasema polepole, "Jaja, tunagongana viganja tu. Ni salamu. Shuleni wote tunafanya hivyo." Akagongana na mwenzake, pa! ili nione.

Mwenyekiti hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, kiunoni.

"Na leo, mzee, umeivaa?"

Nilishika mkanda wangu kwa mikono miwili.