Mke Mwenza Asiye na Sauti

Kazini walimwita Sikio, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa fundi wa lifti, zamu ya usiku, katika jengo la ofisi lenye ghorofa nyingi, na sifa yake ilikuwa moja: hakugusa spana kabla ya kusikiliza. Alisimama ndani ya lifti macho kayafumba, mdomo wazi kidogo, akapanda nayo, akashuka nayo, kisha akasema, "Beringi ya juu, upande wa mlango." Wenzake wakipanda kuangalia waliikuta kweli imeanza kulika. Walimtania kwamba huyu bwana husikia hata mchwa wakigombana.

Mtu aliyepanda na kushuka maisha yake yote bila kwenda popote si ajabu akipenda ndege. Hakuwahi kupanda hata moja. Ila nyumbani, katika chumba kidogo ambacho wengine wangekifanya stoo, alikuwa na kompyuta aliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya kuokoteza, na humo alirusha ndege. Gemu lenyewe halikuwa la kuuana. Unawasha injini, unaomba ruhusa, unapaa, unatua, basi. Watu wa rika lake walifuga kuku na kulalamikia migongo. Yeye alilalamikia mgongo na kurusha ndege, na msimcheke, kila mtu ana lake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilipakana na hicho cha ndege. Ukuta wa katikati haukufika darini. Juu uliachwa upenyo wa kupitisha hewa, na hewa ilipita pamoja na kila kitu kingine. Mchana, Sikio akishaamka kutoka usingizi wa zamu, huku cherehani ilikwenda na kule kompyuta ilinguruma kama mashine ya kusaga. Cherehani ikinyamaza katikati ya mshono, mume aliita, "Uzi umekatika?" Kompyuta nayo ikipunguza mngurumo, mke aliita, "Umetua wapi leo?" Ndivyo walivyoishi, wakijuliana hali kwa kelele, mpaka binti yao wa pekee akakua, akaolewa na kuhamia mji mwingine.

Ile kompyuta mke aliiita mke mwenzangu. Feni zikikwaruza alisema, "Mke mwenzangu ameamka na kikohozi, hebu mpe dawa." Wateja wapya waliokuja kupimwa nguo walishtuka, wakatupa jicho kwenye pazia la chumba cha pili, naye akawaacha washtuke kwanza ndipo awaeleze.

Sikio aliapa kwamba siku moja ataunda kompyuta ya maana, yenye nguvu ya kuonyesha mawingu kama mawingu na bahari kama bahari. Akawa anaweka akiba na kuchagua. Alichagua miaka. Ikitoka kadi mpya ya picha, alisubiri ishuke bei. Ikishuka bei, imeshatoka nyingine yenye nguvu kuliko hiyo. Leo kaamua prosesa hii, kesho kasikia ina joto, keshokutwa karudi kwa ile ya kwanza.

"Mchagua jembe si mkulima," mkewe alimwambia. "Mimi mbona hukunichagua hivyo?"

"Wewe hukuwa na toleo jipya kila mwaka."

"Shukuru Mungu. Ungekuwa kapera mpaka leo."

Kisha moyo wa mke ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, ngazi tatu za mlangoni zikawa mlima. Daktari alisema moyo umepanuka. Akaandika dawa, akakataza kazi nzito, na akasisitiza jambo moja: pumzi ikimbana aletwe hospitali hapo hapo, asingojewe aone nafuu. Kitanda kikahamishiwa chumba cha kushonea kwa sababu ndicho kilichokuwa na dirisha kubwa. Cherehani ikasukumwa pembeni. Mke akawa analala nusu kuketi, ameegemea mito, na ile sauti iliyozoea kuruka ukuta ikapungua mpaka ikawa ya mtu anayeongea na mtoto aliyesinzia. Mdogo wake wa kike akaja kukaa nao ili amsaidie.

Sikio alitaka kuachana na habari za kompyuta. Mkewe akakataa katakata.

"Dawa zangu bima ya kazini kwako inalipa. Fungu la mke mwenzangu usiliguse, watu watasema nimekula mahari ya wenyewe. Tena ukiwa na mashine yako utakuwa hapo ukuta wa pili. Bila hiyo utashinda hapa kitandani umenikodolea macho, unanikalia matanga na mimi mzima."

Akakubali. Ila tangu siku hiyo alichagua kwa namna nyingine kabisa. Zamani swali lake lilikuwa nguvu. Sasa likawa kelele. Ile kompyuta kuukuu ikinguruma asingeweza kumsikia mgonjwa mwenye sauti ya namna ile, na hofu iliyomkaa rohoni ilikuwa hiyo tu: kwamba mkewe ataita, na yeye, Sikio mzima, hatasikia.

Dada wa duka la vifaa vya kompyuta hakuwahi kuona mteja wa aina yake.

"Baba, wenzako wakija hapa wanauliza mashine inakimbia kiasi gani. Wewe unauliza inapiga kelele kiasi gani?"

"Mbio nimeshasoma. Nipe hizo feni nizisikilize."

Barabara ya mbele ya duka ilikuwa na honi na wapiga debe, kwa hiyo akaomba aingie stoo, afungiwe mlango. Dada akamwashia feni moja moja humo gizani, huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Sikio alizisogeza sikioni kama mtu anayesikiliza saa ya mkono. "Hii inalia. Hii inapumua. Hii hapana, ina mafua."

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kadi yenye nguvu huleta joto, joto huita feni, na feni ndiyo mpiga kelele. Ile kadi kubwa kuliko zote, aliyoiota miaka yote hiyo, akaiacha kwenye kabati la kioo bila kuigeukia mara ya pili. Alichukua iliyo chini yake, nene, yenye mapezi mengi ya chuma, ambayo feni zake hazizunguki mpaka ipate joto. Kipozeo cha maji alikikataa kwa sababu pampu yake ina mlio wa mbu. Alichukua pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, kubwa kuliko mahitaji, maana isiyoelemewa haina haja ya kuhema. Alichukua feni pana zinazokwenda polepole, na kasha zito ambalo kuta zake kwa ndani zimebandikwa sponji. Hata vitufe vya kibodi alivibonyeza kimoja kimoja.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," dada alimtania akimfungia mzigo, na wote wawili wakacheka.

Aliiunganisha sakafuni, pembeni ya kitanda, ili mgonjwa aone. Mke alishika kopo la skrubu mapajani na kumpa moja moja. Alipoona prosesa inapakwa pesti ya kupitisha joto kabla ya kufunikwa kipozeo, aliuliza kama bibi harusi hapakwi na poda. Siku iliyofuata akaomba futi yake. Akampima mke mwenzake urefu, upana na kimo, akaandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye pazia la mteja, na kwa siku kadhaa, dakika chache chache, mdogo wake akimshika bega, alikaa kwenye cherehani akamshonea nguo ya kumkinga na vumbi. Ilikuwa na ukingo mweupe na pindo lililonyooka kama la sare ya shule. Hakushona kitu kingine baada ya hapo.

Siku ya kuwasha, Sikio alibonyeza kitufe, akasimama wima kama anayesubiri kupigwa picha.

"Haijawaka," mkewe alisema.

"Imewaka."

"Mbona haisemi?"

"Ndiyo raha yake hiyo."

Mke aliitazama kwa muda. "Mke mwenza asiye na sauti," alisema, "huyo ndiye wa kuogopwa." Wakacheka hadi akakohoa, na Sikio akampangia mito upya.

Baada ya hapo alikuwa na raha ambayo hakuitegemea. Alizima sauti ya gemu, akarusha ndege bubu juu ya mawingu mazuri kweli kweli, na masikio yote mawili akayaacha chumba cha pili. Alisikia kijiko kikigusa kikombe. Alisikia mto ukigeuzwa. Kukiwa kumetulia sana alisikia hata pumzi zake. Jambo moja tu lilibadilika: mkewe aliacha kuuliza, "Umetua wapi leo?" Sikio aliliona hilo, likamuuma kidogo, akaona ni ugonjwa, hana nguvu ya kupaza sauti. Fundi aliyejua kila mlio una sababu hakujiuliza zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Alirudi asubuhi, akamkuta mkewe amekesha kwa kikohozi, akamnywesha dawa, akaenda kulala. Usingizi ulikataa. Kabla ya saa sita aliinuka, akaingia chumba chake cha ndege kwa kunyata asimsumbue mgonjwa, akawasha mashine. Alipaa na safari ndefu ya juu ya bahari. Kutoka kwenye upenyo wa juu alisikia malapa ya shemeji yake yakienda dirishani na kurudi, kisha hakusikia tena kitu. Amelala, alijiambia, na akashukuru, maana usiku wake ulikuwa mbaya.

Alipotua alisimama kwenda kunywa maji, na njiani akainua pazia kuchungulia. Mkewe alikuwa ameketi ameinama mbele, midomo imebadilika rangi, ameung'ang'ania mkono wa mdogo wake. Aliinua macho akamwona mumewe mlangoni.

"Umeamka?" alisema.

Sikio alimbeba. Jirani mwenye gari alikuwepo, wakamlaza kiti cha nyuma, wakapiga honi njia nzima. Hospitalini walimpokea haraka, wakafanya yote yanayofanywa. Jioni haijaingia, daktari alitoka, akamwekea mkono begani. "Angewahishwa kidogo," alisema, kisha akauona uso wa anayeambiwa, akamsogezea kiti.

Binti alikuja, wakazika. Nyumba ilijaa watu na viatu vya watu, halafu wakapungua, wakabaki watatu: Sikio, binti na shemeji. Mchana mmoja shemeji mtu alikuwa anakunja mashuka ya marehemu, na Sikio ameketi pale pale kwenye chumba cha kushonea na kikombe cha chai iliyopoa.

"Usijilaumu kwa kulala, shemeji," alimwambia, kwa wema mtupu. "Mwenyewe ndiye aliyekataza uamshwe."

"Nani alilala?"

"Siku ile. Ilipoanza kumbana nilisimama nije nikugongee, akanishika mkono. Akaninong'oneza, 'Mwache apumzike, katoka zamu. Angekuwa macho tungemsikia.' Nami nikasikiliza. Nikaona kweli, kimya."

"Alinong'ona."

"Alinong'ona ndiyo. Hata pumzi alizizibia kwa kanga, asikuamshe."

Sikio aliweka kikombe sakafuni taratibu. Alielewa lile "Umeamka?" Alielewa pia kwa nini hakuulizwa tena ametua wapi. Yeye alikaa upande mmoja wa ukuta anasikiliza, hasikii kitu, anajua mkewe amelala. Mkewe alikaa upande wa pili anasikiliza, hasikii kitu, anajua mumewe amelala. Kila mmoja alimhurumia mwenzake. Miaka yote hiyo alikuwa akiujua ukimya wa cherehani, kwamba uzi umekatika, na haikumjia hata mara moja kwamba na yeye ana kelele zake, na kuna mtu anazitegemea. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na shemeji yake akabaki na shuka mkononi, hajui amesema nini kibaya.

Alipotulia aliingia chumbani kwake. Akachomoa nyaya za mashine mpya moja baada ya nyingine, akaivika ile nguo ya buluu yenye ukingo mweupe, akavuta pindo mpaka likakaa sawa. Kisha akapiga magoti, akaburuta kutoka uvunguni mwa meza ile kompyuta kuukuu, akaipuliza vumbi, akaichomeka. Ilikohoa. Ikakwaruza. Ikaanza kunguruma, na vioo vya dirisha vikatetemeka kama zamani.

Binti yake alikuja mbio kutoka jikoni.

"Baba, nini hicho? Zima basi, kichwa kinaniuma."

"Iache."

"Hata huchezi. Skrini yenyewe hujawasha."

"Iache, mwanangu. Mama yako ajue niko macho."

Binti alishusha pazia polepole, akazunguka, akaenda kukaa kwenye kitanda cha mama yake. Kutoka pale kelele ilisikika vizuri sana.