Daktari Aliyekuwa Anaangalia Simu

Jumanne nilikuwa kwenye foleni, hospitali moja hapa Mbinga, nikimsubiri daktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa ameinamia simu, hedifoni masikioni, wala hamwiti mtu.

Nikapaza sauti ili benchi zima lisikie: “Wenzetu wanaangalia video, sisi tunaozea hapa.” Watu wakacheka, nami nikanogewa.

Bibi mmoja aliyepanda kutoka Kihagara, kule ziwani, akanigusa goti. “Mwanangu, punguza sauti. Homa yangu imerudi mara ya tatu. Amesema leo ana somo kwa simu na mabingwa wenzake, atawauliza habari zangu.”

Daktari akatoka, akamshika bibi mkono. “Twende, bibi. Wenzangu wamenifundisha jambo nililokuwa silijui.” Alilisema mbele yetu sote, bila kuona haya. Haya niliziona mimi.

Zamu yangu ilipofika niliingia nikiwa nimejipanga kumwomba radhi. Nikaishia kumweleza kikohozi changu, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Kazi yangu ni kuandika maneno, ndugu msomaji, na siku hiyo yalinitoka ya kejeli tu, ya radhi hayakutoka.