Shule Yetu Imekosa Watoto

Leo situlii. Nasimama, natembea, narudi kwenye kibanda changu cha ulinzi hapa mtaa wa The Pearl, Doha, nafungulia gari lango, kisha nachomoa simu tena. Kundi letu la tuliosoma pamoja linawaka moto: shule yetu ya msingi, kule kwenye kamji ketu nyumbani Kenya, itafungwa mwaka huu ukiisha. Imebaki na watoto wachache mno.

Rafiki yangu, kama ulisoma shule ya sakafu ya udongo, Ijumaa zake unazijua. Tulikuja na maji kwenye vidumu na samadi mbichi kwenye majani ya mgomba, tukachanganya na majivu, tukasiriba darasa kwa mikono. Kawaida unaanzia ukutani, unarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Sisi, kwa uchu wa kuwahi kandanda, siku moja tukaanzia mlangoni. Tulipoinua vichwa, tulikuwa tumebanana kwenye pembe, sakafu yote mbele yetu ni mbichi. Mwalimu wetu alivuta kiti akaketi nje.

"Kaeni hapo ikauke," alisema. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Tulikaa mpaka jua likapoa, githeri ya mahindi na maharagwe ikinukia jikoni kwa mpishi, matumbo yakilia njaa. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Sijawahi kuwa na raha kama ile, na nasema kweli.

Basi kundini kila mtu analia. Mimi pia niliandika maombolezo marefu, nikasifiwa. Kisha mwalimu yule yule, sasa mstaafu, akatuma sauti yake: "Wanangu, nimesikia vilio. Hebu niambieni, nani kati yenu ana mtoto pale?"

Nikaisikiliza sauti hiyo mara mbili.

Binti yangu yuko akademi, shule ya kulipia. Basi la shule humchukua mlangoni, na karo yake ndiyo sababu mimi niko kwenye joto hili. Nikampigia mke wangu, nikamuuliza kama tungemhamishia pale.

"Baba watoto, uko sawa kweli?" akasema. "Abebe maji na samadi, na wewe uko Doha?"

Nilifurahi alivyokataa, nikaona haya kwa kufurahi. Shule ile naitaka iwepo. Mtoto wangu simtaki pale. Nimeandika jibu, nimefuta, nimeandika, nimefuta, na mwalimu bado yuko mtandaoni, anatungoja.