Mama Alipopewa Hasi Tatu

Mama alivunjika kifundo cha mkono kwa kumfukuza kuku. Aliteleza uani kwake Vugiri, milimani, akaanguka kwa adabu kabisa, kama mtu anayekaa mkekani. Daktari wa Korogwe aliyemfunga plasta hakuipenda habari hiyo.

"Mfupa mzima hauvunjiki hivi," aliniambia kwa simu. "Mpeleke Dar akapimwe uzito wa mifupa. Akianguka tena ikavunjika nyonga, huenda asisimame."

Kwa mama hilo ni jambo zito. Kwake hata kwenda chooni ni kupanda mlima, na kila wiki anashuka gulioni na mkungu wa ndizi kichwani, mkubwa kuliko mimi.

Basi nikatoka Handeni kumfuata, tukaenda. Mama alivaa gauni la harusi za watu. Akalazwa kitandani, mkono wa mashine ukapita juu yake taratibu.

"Mnaanza saa ngapi?" akauliza.

"Tumemaliza, bibi."

"Nimetoka Vugiri kuja kulala tu?"

Tukaitwa kwa daktari, kijana mpole. Akatazama picha. "Shikamoo bibi. Nyonga yako imesoma hasi tatu."

Hakumaliza. Mama alipiga vigelegele vilivyotikisa madirisha. Kwetu mtu akienda kupima, neno analoliombea ni hasi: hasi maana yake huna ugonjwa, na yeye kapewa tatu. Vibibi waliokuwa kwenye benchi nje wakaitikia bila kujua wanashangilia nini. Na mimi, mhitimu wa shule ya usiku, niliyefaulu hesabu kwa kusukumwa na wenzangu wote, nikampigia mke wangu Handeni. Kabla sijakata simu, kijiji chetu kizima cha Kwedizinga kilikuwa kinajua, na habari ilikuwa njiani kwenda Vugiri.

Daktari alisubiri tupoe. Akachora mstari.

"Sifuri ndiyo mifupa ya msichana. Ukishuka hadi hasi mbili na nusu, ni ugonjwa. Wewe umepita hapo."

"Kwa hiyo hasi ni mbaya?"

"Kwenye mifupa, ndiyo."

"Mnatutania sisi Wasambaa," mama akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Na mkungu wangu?"

"Usibebe tena, bibi. Dawa zipo. Tumejua kabla nyonga haijavunjika, ndiyo faida ya kupima."

Mama akanitazama kichwani, kama anayepima kama kitatosha mkungu.

Tuliporudi Vugiri, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Akina mama walikuwa wameleta kuku, mchele na ngoma kusherehekea hasi tatu. Mama akawanyamazisha, akawaeleza yote, mpaka mstari akauchora chini kwa kijiti. Wali tukaula hivyo hivyo.

Jirani mmoja, aliyevunjika mkono mwaka jana kwa kujikwaa tu mlangoni, alikuwa akijishikashika kiwiko.

"Shoga, hiyo mashine inauma?"

"Haiumi hata kidogo," mama akamwambia. "Ndiyo kasoro yake, hujui hata kama umepimwa. Nenda."