Wadudu kwenye Damu

Mwanangu njiti alikuwa na siku kumi na mbili, na licha ya sindano zote, kila damu yake ikipimwa bakteria walikuwamo. Nikampigia simu mama mkwe, mkulima wa korosho, nikamwambia mjukuu wake ana wadudu kwenye damu. Asubuhi akatokea wodini na bomba la kupulizia dawa mgongoni.

"Bibi, huyu si mkorosho," nesi akamwambia.

"Najua. Nyie mnampa dawa gani?"

Daktari akaeleza kwamba dawa ya kwanza wadudu wameizoea, hivyo anaibadilisha.

"Hapo sawa," mama mkwe akajibu. "Na hiyo wakiizoea, uniite."

Hawakuizoea. Wiki iliyofuata kipimo kilitoka safi, nikapiga vigelegele mpaka nesi akanitoa nje kwa kuamsha watoto wa watu.