Harufu Tuliyoacha Kuisikia

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, Biharamulo. Masomo hayakunishinda. Lililonishinda ni basi lililopita mbele ya darasa letu kila siku saa nne asubuhi, na mwalimu hakuweza kuniambia linalala wapi. Tangu hapo nimeosha magari Mwanza, nimebeba magunia Kahama, nimechimba mchanga mahali ambapo hata jina lake nimelisahau. Nilikuwa nikijisifu kwamba nikifumbwa macho naweza kuutambua mji kwa pua: huu ni wa dagaa, huu ni wa matairi yanayochomwa, huu ni wa mtaro uliosimama. Nilidhani pua yangu haisahau kitu.

Benaco nilifika nikiwa njiani kwenda Rusumo. Nilitaka kuvuka daraja la mpakani nione ng'ambo, kwa sababu madereva waliniambia kwamba kule hata ganda la ndizi halilali barabarani. Sikuvuka. Nilipata kazi ya kuosha malori katika yadi moja kando ya barabara, nikapanga chumba uani kwa mama mjane aliyekuwa mpishi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka yadi, kwenye njia ya udongo inayoshuka bondeni. Huko bondeni kulikuwa na chemchemi, na nusu ya mtaa ilichota hapo.

Watu hufikiri uchafu wa mji ni takataka, kitu cha kufagia. Mimi nilijifunza pale kwamba mwingi haufagiki. Malori yaliyosubiri zamu ya kwenda mpakani yaliacha injini zikiunguruma mchana kutwa, na sisi tulizungumza kwa kuushinda mngurumo ule mpaka sauti zetu zikakaa huko juu. Mtu akikuomba chumvi utadhani anakugombeza. Nyuma ya yadi walichoma matairi ili wapate waya wa ndani, na moshi wake mweusi uliingia kwenye vitanda. Na vumbi! Lori moja likigeuza, mtaa mzima unapotea. Shuka nyeupe ukianika asubuhi, jioni unaanua shuka ya rangi ya tofali.

Mama mwenye nyumba alikuwa akikohoa. Alikohoa akikamua ndizi, alikohoa akipokea wateja, na akimaliza alishika ukingo wa mtumbwi wake wa kukamulia kama mtu aliyepanda ngazi ndefu.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka na vumbi, nitalala na vumbi. Litanimaliza kabla sijaona mkwe."

Hilo la mkwe halikuwa utani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana fundi wa kuchomelea vyuma, na kijana huyo alikuwa amepata mchumba katika kijiji cha mlimani, upande wa Rulenge. Barua ilikuwa imepelekwa na kujibiwa. Kilichobaki ni pombe. Kwa watu wa huku, pombe ya posa hupikwa nyumbani kwa mwanamume, hupelekwa kwa wazazi wa msichana, na ikipokewa, maneno yamekwisha. Ikikataliwa, kijana anarudi alikotoka. Mama yule alikuwa amewapikia watu wengi pombe za posa zao. Hii ilikuwa ya kwake, na haingekuwa na ya pili.

Nilimwonea huruma kwa kikohozi kile, na huruma ikanikumbusha jambo nililoliona Kahama. Mafundi wa kule walikuwa wakimwaga oili chafu mbele ya maduka ili vumbi lilale. Yadini kwetu oili chafu ilikuwa tele. Mafundi waliimwaga kutoka kwenye injini ikajaa mapipa, na hakuna aliyejua aipeleke wapi. Niliomba, nikapewa madumu mawili. Nikaimwaga mbele ya nyumba ya mama, taratibu, kwa kopo lililotobolewa matundu, kama mtu anayemwagilia mchicha.

Vumbi lililala. Udongo uligeuka mweusi, ukashikana, ukawa unang'aa. Mama alitoka mlangoni akaukanyaga kwa kidole gumba cha mguu.

"Ala! Mtembezi ametuletea lami!"

Jirani wa kushoto akaita, "Kaka, na kwangu je? Au mpaka niwe nakuuzia pombe?"

Wa mbele akasema, "Anza na kwangu, mimi nina mtoto mchanga."

Nilimaliza mtaa mzima kwa wiki tatu, kutoka yadi mpaka pale njia inapoanza kuteremka kwenda bondeni. Watu walinipa ndizi za kuchoma, walinisalimu kwa mikono miwili. Sijawahi kupendwa katika mji wowote kama nilivyopendwa pale, na nakiri kwamba nililala vizuri. Kikohozi cha mama kilipungua kweli. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyesimama juu ya njia ile akatazama inakokwenda.

Kisha mvua ikaja, ya siku mbili mfululizo.

Ndizi za posa zilikuwa zimeshaiva shimoni, haziwezi kungoja. Mama alizimenya, tukazikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi, yeye akielekeza, mimi nikitoa jasho. Maji ya kuchanganyia niliyateka mwenyewe chemchemini. Yalikuwa na utando mwembamba juu, wenye rangi rangi, wa kupendeza macho. Nilidhani ni uchafu wa majani ya mvua. Niliupangua kwa kiganja, nikajaza ndoo. Mama akaweka unga wa mtama uliokaangwa, akafunika, akasubiri. Siku ya tatu alionja. Akawaita majirani wawili, nao wakaonja. Mimi pia nilionja.

"Hii wakwe watalamba kibuyu," akasema jirani wa kushoto.

Tukacheka. Pombe ilikuwa tamu. Naapa kwamba ilikuwa tamu.

Tuliondoka asubuhi watu wanne: mama, kijana mwenyewe, baba yake mdogo ambaye ndiye msemaji, na mimi, niliyeombwa kubeba. Pikapu ilitufikisha mwisho wa barabara, na kutoka hapo tulipanda mlima kwa miguu, kijana na mimi kila mmoja na kibuyu chake kichwani. Mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Kadiri tulivyopanda ndivyo mngurumo wa barabara ulivyopungua, mpaka ukakatika. Masikio yangu yalihisi kama yamevuliwa kofia. Mama alisimama mara moja, akavuta pumzi hadi mwisho bila kukohoa, akatutazama kwa mshangao. Nilianza kusikia vitu kwa pua: nyasi mbichi, mbuzi, moshi wa kuni wa nyumba ambayo hata hatujaiona. Kulikuwa na harufu nyingine pia, iliyotufuata. Nilidhani ni nguo zangu.

Kwa wakwe tulipokewa vizuri. Walikuwa wamekaa uani, baba wa msichana katikati, mzee mwembamba mwenye fimbo, na ndugu zake pembeni. Baba mdogo akasimama, akaanza salamu.

"SHIKAMOONI WAZEE WETU!"

Mbuzi wakakurupuka. Mzee akainua kiganja.

"Marahaba, marahaba. Mbona mnatupigia kelele? Hatuko ng'ambo ya mto."

Wakacheka, na sisi tukacheka, lakini baba mdogo alijaribu kushusha sauti na hakujua aiweke wapi. Mara ikawa mnong'ono, mara ikapanda tena. Mama mmoja wa kule akasema kwa upole, "Waacheni, wanakaa na malori." Niliangalia gauni jeupe ambalo mama yetu alilivaa kwa ajili ya siku ile. Nyumbani lilikuwa jeupe. Hapa, kando ya kitambaa cha mwenyeji wake, lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kibuyu kikawekwa mbele ya mzee, mrija ukachomekwa. Mwenye pombe huonja kwanza, mbele ya wote, ili mpokeaji ajue haina sumu. Mama akapiga magoti, akashika mrija, akavuta.

Nilikuwa karibu naye, nikauona uso wake. Alimeza, halafu akabaki ameshika mrija, macho chini. Akavuta tena, kidogo sana, kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba amekosea. Hapo upepo uligeuka, na harufu iliyotufuata mlima mzima ikapita puani mwangu, nikaitambua. Ilitoka kibuyuni. Ilikuwa harufu ya yadi.

Mzee alinyoosha mkono apokee mrija. Baba mdogo, ambaye hakuelewa kitu, akasema, "Mpe mkwe, shemeji."

Mama angeweza kumpa. Huenda mzee angekunywa kwa heshima, akanyamaza. Mama akauchomoa mrija, akauweka juu ya magoti yake.

"Usinywe, mkwe. Pombe hii ina oili."

Sijawahi kukaa katika kimya cha namna ile. Kule Benaco hakipo. Ndugu mmoja wa mzee akainama, akanusa kibuyu, akarudi nyuma.

"Tuliambiwa mnakaa barabarani," akasema. "Hatukuambiwa kwamba barabara mnainywa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee akamgeukia mama.

"Hukuonja nyumbani?"

"Nilionja. Nimepika miaka yote hii, mkwe, sijawahi kupeleka pombe bila kuonja. Nyumbani sikuisikia."

"Na oili imeingiaje?"

"Sijui."

Alikuwa hajui kweli, na mimi nilijua. Nilikuwa nimeshaiona njia yote ndani ya kichwa changu, kutoka mlango wake hadi bondeni, na mvua ikiteremka juu yake siku mbili. Nimeondoka katika miji mingi kabla swali halijanifikia. Pale mlimani hata njia ya kukimbilia niliiona, ilikuwa nyuma ya zizi.

"Ni mimi, mzee," nikasema, kwa kelele, kwa sababu nilikuwa sijajua kusema namna nyingine. Nikaeleza: vumbi, kikohozi, dumu, kopo, chemchemi, utando nilioupangua kwa kiganja. Mama alinisikiliza bila kuinua macho.

"Wewe ni nani katika ukoo huu?" mzee akauliza.

"Si mtu wa ukoo. Ni mpangaji."

"Mpangaji!" Akachora kitu mchangani kwa fimbo yake, akakifuta. "Mama huyu angeweza kuninywesha, akanyamaza. Hakufanya hivyo. Basi mtarudi. Lakini pombe itapikwa kwa maji ya hapa, kijito cha hapa. Na maji atayabeba mpangaji."

Asiye wa huku hawezi kujua ukali wa maneno yale. Mwenye mtoto wa kiume kupika posa kwa maji ya wakwe ni kukiri mbele ya watu kwamba kwake hakuna maji. Mama akaitika, "Ndiyo, mkwe," akapiga makofi mawili ya shukrani. Njiani tukirudi, tulipokaribia barabara, alianza kukohoa, ndipo aliponiambia, "Hukunitakia mabaya. Ila ungeuliza maji yanakokwenda. Wewe unayeuliza kila kitu."

Niliyabeba maji yale safari nne. Pombe ya pili ilipokewa, na msichana akaja Benaco kama mke wa nyumba ile. Mimi nilikuwa nimeanza kuchimbua udongo mweusi wa njia na kuujaza kwenye viroba. Nilichimba kina cha kiganja kimoja, oili ipo. Mkono mzima, bado ipo. Viroba vikajaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, na vipo mpaka leo, kwa kuwa kila mahali nilipofikiria kuvimwaga palikuwa juu ya maji ya mtu. Majirani waliniangalia. Vumbi lilikuwa limerudi, na wengine walininunia kwa hilo.

Mkwe mpya ndiye aliyekuwa pua yetu. Kila asubuhi nilileta maji ya chemchemi ndani ya kata, naye alinusa kabla ya mtu yeyote kuyagusa. "Bado, kaka," alisema, akigeuza uso. Tukawa tunachota mbali, upande wa pili wa barabara, na mama hakupika kwa kuuza. Miezi mitatu ilipita hivyo. Mitungi yake ilikaa imepinduliwa uani, nami nilioga nikiitazama.

Asubuhi moja mkwe alinusa, akanusa tena.

"Leo sisikii kitu," akasema, kwa sauti kubwa, ya kushinda malori.

Mama alisimama haraka, akaenda kuugeuza mtungi wa kwanza. Mimi nilibaki nimeshika kata. Nguo ya mkwe, aliyokuja nayo ikiwa nyeupe, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mama, subiri kwanza siku moja," nikamwomba.

Nilijaza maji yale kwenye dumu dogo, nikadandia pikapu, nikapanda mlima. Nilimkuta mzee akichonga mpini uani kwake.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Nipo hapa hapa, usinipigie kelele."

Akafungua dumu, akaliweka karibu na uso, akafumba macho. Niliomba, mimi nisiyejua kuomba.

"Bado," akasema, akanirudishia.

Nilishuka na dumu lile limejaa mpaka nyumbani, kwa sababu njia nzima sikuona mahali pa kuyamwaga.