Maji Chini ya Mchanga wa Abuku

Kiangazi hiki kijito kinachopita karibu na shamba la dada yangu, kule Abuku, kilikatika vipande vya madimbwi, na madimbwi nayo yakakauka. Nilitoka Arua, ninakosoma vitabu vya udongo na maji, kwenda kumsaidia. Vitunguu vyake vilikuwa vimeanza kuvimba. Vikikosa maji wiki hiyo vingedumaa, naye hakuwa na zao jingine la kupeleka soko la Koboko.

Mto ukikauka, watu wa huko huchimba kisima katika mkondo wenyewe. Mume wa dada alikuwa ameshachagua mahali, pale wanawake wanapochota udongo wa vyungu, kwa kuwa palikuwa peusi na pamelowa. Tulichimba hadi kiunoni. Shimo lilibaki na unyevu tu.

"Shemeji," alisema akipangusa jasho, "vitabu yako yote inasema maji iko wapi?"

"Hapa tunachimba ndani ya chungu," nilijibu. "Udongo hii inashika maji yake. Haiachilii."

Dada alicheka kutoka ukingoni. "Basi mutoke ndani ya chungu, wazee! Kitunguu haingoji."

Nilivua viatu nikashuka na mkondo, nikifikicha mchanga kila baada ya hatua chache. Kwenye kona ulibadilika: punje nene kama mahindi yaliyoparazwa. Nyumbani niliwahi kumwaga maji katika makopo yaliyotobolewa, kila moja na udongo wake, na mchanga mnene ndio uliopitisha maji upesi. Lakini kopo si mto. Niliinua jembe hata hivyo.

Kwenye kina cha goti mchanga uligeuka rangi. Kisha kuta zikaanza kuporomoka.

"Inaanguka!" shemeji alilalamika.

"Iache ianguke! Hiyo ni maji inaisukuma!"

Tulizamisha pipa lisilo na kitako ili kuzuia kuta, tukachota mchanga kutoka ndani yake. Maji yakaja, kwanza ya matope, halafu meupe, yakapanda hadi kifundo cha mkono wangu. Nilipiga kelele kama mtoto. Shemeji alinipiga begani hata nikakaribia kutumbukia.

Dada hakusimama kutazama. Alijaza jerikani kwa kikombe, akapanda ukingo mbio, na kutoka kwenye vitunguu tukasikia sauti yake: "Mulete ingine! Mustari ya kwanza imekunywa yote!"